Stima ikipotea, gemu yako inakumbuka nini?

Swali: Mimi ni muuguzi hapa Kisumu, naishi Manyatta. Nikitoka zamu ya usiku sina nguvu za kujifunza gemu mpya. Narudia zilezile tatu: San Andreas na PES 6 ya soka kwenye PS2 niliyoachiwa na kakangu, na Stardew Valley, ile ya kulima shamba, kwenye laptopu. Wenzangu hunicheka. Juzi stima ilipotea nikiwa katikati ya kuhifadhi, na sasa PS2 inadai memori kadi haijafomatiwa, inauliza kama iifomati. Master League yangu ya PES, ile ya kuendesha klabu msimu baada ya msimu, imo humo na misimu yake sita. Je, inaokoleka? Na je, nitafute mashine mpya na gemu mpya, au hizi zina namna ya kutunzwa?

Jibu:

Dada, la kadi ndilo la dharura, basi tuanze nalo. Skrini ikikuuliza tena kama iifomati, chagua "No", zima mashine, toa kadi uiweke kando. PS2 haijui kama misimu yako sita imefutika au la. Inachojua ni kwamba ilijaribu kusoma mwanzo wa kadi na haikukuta ilichotarajia. Kadi hiyo ni kumbukumbu ya MB 8 yenye faharasa: orodha ya faili na ramani ya mahali kila kipande kilipo. Ukikubali kufomati, faharasa huandikwa upya ikiwa tupu. Usipokubali, mara nyingi vipande vyenyewe vingali mahali pake.

Ujumbe huo huletwa na mambo mawili tofauti, na lile jepesi ndilo linalosahaulika: uchafu kwenye meno ya shaba ya kadi. Kisumu ina unyevu mwingi, na shaba iliyokaa ndani ya tundu miaka kumi bila kuguswa hufanya utando. Chomoa PS2 ukutani. Chukua kijiti cha pamba, kilowanishe kidogo tu kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, upanguse meno ya kadi kwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Usitumie spiriti ya kupangusia ngozi kutoka kazini: nyingine zina rangi au mafuta yanayobaki juu ya shaba, na nyingi zina maji mengi mno. Mafundi wa simu wanayo isopropili, wanaisafishia bodi; omba kidogo. Acha kadi ikauke dakika kumi, kisha ijaribu kwenye tundu la pili badala ya la kwanza. Ikikataa, ijaribu kwenye PS2 ya mtu mwingine kabla ya kukata tamaa, kwa kuwa huenda tundu lako ndilo bovu na kadi ni nzima.

Unapoijaribu, usiweke diski yoyote. Washa mashine tupu, ingia "Browser", chagua kadi. Picha za faili zikionekana, usirudi kucheza. Weka kadi ya pili kwenye tundu jingine na unakili faili moja moja. Usinakili kadi nzima kwa mkupuo, maana faili moja mbovu inaweza kukwamisha zote. Ile iliyokuwa ikiandikwa stima ilipokatika pengine itaonyeshwa kama "Corrupted Data". Hiyo ndiyo iliyokufa, na kwa kawaida ni hiyo peke yake.

Jambo la pili ni zito zaidi: faharasa yenyewe imeandikwa nusu. Hapo "Browser" haitakusaidia. Tafuta fundi mwenye kadi iliyowekwa FreeMcBoot, inayoifanya PS2 ifungue programu zisizo za Sony, pamoja na programu ya uLaunchELF. Programu hiyo huonyesha kadi kama mafolda, na wakati mwingine hufungua kile ambacho mashine yenyewe imekataa. Kuna pia kiunganishi cha memori kadi kilichotengenezewa PS3, ambacho kwa programu maalum huwezesha kompyuta kunakili kadi nzima ghafi, kipande kwa kipande, ili ukarabati ufanyiwe nakala wala si kadi yenyewe. Fundi akikuambia "niiformati kwanza halafu nirudishe", chukua kadi yako uende. Na ikiwa faharasa imeharibika kabisa, Master League imekwenda. Hakuna dawa ya hapo.

Sasa lile la kuchekwa.

Watu hudhani gemu ya faraja lazima iwe laini, ya rangi za upole na muziki wa polepole. PES 6 si laini hata kidogo. Ukifungwa dakika ya 90 na timu ya daraja la pili, pedi yaweza kuruka ukutani. Wengine husema ni kumbukumbu za utotoni tu, lakini Stardew Valley ilitoka Februari 2016, kwa wengi wetu haina utoto ndani yake. Kinachoziunganisha gemu zako tatu ni kwamba hazikudai uamuzi mpya. Kichwa kilichotoka kuhesabu dozi usiku kucha kinajua tayari kitufe cha pasi ya juu kiko wapi, barabara ya kutoka Grove Street inapinda wapi, na mbegu gani hupandwa siku ya kwanza. Mwanasaikolojia Robert Zajonc aliandika tangu 1968 kwamba watu huelekea kupenda kitu kwa kukutana nacho mara kwa mara tu, hata bila sababu nyingine. Wanaokucheka wengi wao pia wana albamu moja wanayoirudia kila Jumapili.

Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa michezo ya video katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na vigezo vyake havitaji kurudia gemu ileile. Vinatazama kama umeshindwa kujizuia, kama gemu imechukua nafasi ya mambo mengine ya maisha, na kama unaendelea ingawa inakudhuru, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Wewe unakwenda zamu na unarudi. Tuendelee.

Mtu anayeweza kuitwa kazini wakati wowote, katika mji ambao ngurumo za alasiri zikianza upande wa ziwa kila mtu hutazama balbu, anapaswa kuichagua na kuitunza gemu yake kwa swali moja: nikilazimika kuiacha sekunde hii, napoteza nini? Uzuri wa picha ni wa baadaye. Kuna gemu zilizoachwa na watu si kwa kuchosha. Ziliachwa siku sevu ilipopotea, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuanza upya.

Tuzipime zako. Stardew Valley kwenye kompyuta huhifadhi wakati mmoja tu: mhusika wako anapolala. Siku ya shamba huanza saa 12 asubuhi na kukoma saa 8 usiku, na kila dakika kumi za shambani huchukua kama sekunde 7 za kwako, kwa hiyo siku nzima ni zaidi kidogo ya dakika 14. Hicho ndicho kipimo chako cha hasara: stima ikienda na laptopu ikizimika, unapoteza chini ya robo saa. Ukiona mawingu, mpeleke kitandani mapema. Hakuna adhabu ya kulala saa 4 asubuhi zaidi ya siku kupotea, na mimea iliyomwagiliwa itakua vilevile. Kufungua menyu husimamisha saa unapocheza peke yako, kwa hiyo simu ikilia usifunge gemu, fungua begi tu. Toleo la simu ni tofauti: linaweza kuhifadhi katikati ya siku ukitoka, na kwa mtu wa zamu hiyo ni sababu tosha ya kulifikiria.

San Andreas, iliyotoka kwenye PS2 Oktoba 2004, huhifadhi kwenye nyumba, ukisimama juu ya alama ya diski inayozunguka, na kila ukihifadhi saa ya gemu husonga mbele saa 6. Katikati ya misheni huwezi kuhifadhi. Hapa hasara haina kipimo kimoja: ukizunguka tu na gari ukisikiliza redio, huna cha kupoteza, ukiwa kwenye misheni ndefu baada ya kuendesha kutoka mji mmoja hadi mwingine, unaweza kupoteza nusu saa. Kwa siku za baada ya zamu, tenga sevu ya kuzurura na sevu ya misheni. Gemu inakupa nafasi 8 na watu hutumia moja. Sevu ya kuzurura iwe ile ambayo miji yote mitatu imekwisha kufunguka, pesa zipo, silaha zipo. Ya misheni uifungue siku ya mapumziko.

Na zile kodi za siri (cheats), ambazo kila kibanda cha PS kilikuwa nazo kwenye karatasi ukutani: zitumie kwenye sevu ya kuzurura pekee. Gemu yenyewe hukuonya unapotaka kuhifadhi ukiwa umezitumia, na onyo hilo si mapambo. Za kubadili tabia ya wapita njia zikihifadhiwa huenda zisitoke tena, na zimewakwamisha wachezaji wengi kwenye misheni ya Madd Dogg, rapa wa ndani ya gemu, ambaye huruka kutoka juu ya jengo kabla hujamfikia. Kwa hiyo mtu anabaki na hadithi isiyoweza kusonga, na hajui ilikuwaje.

PES 6 ndiyo ngumu kuliko zote mbili, kwa kuwa Master League ni faili moja inayoandikwa juu yake yenyewe msimu baada ya msimu. Mechi ya dakika 10 pamoja na menyu zake ni kama robo saa; hiyo ndiyo hasara ya stima kukatika uwanjani, na si kubwa. Hatari ni zile sekunde za kuandika. Stima ikikatika unapocheza tu, kadi haidhuriki, kwa kuwa hakuna kinachoandikwa. Ikikatika neno la kuhifadhi likiwa kwenye skrini, faili inayoandikwa hufa na wakati mwingine hufa na faharasa. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kadi ni kubadilishana: leo hifadhi kwenye kadi ya tundu la 1, kesho kwenye ya tundu la 2. Stima ikiua ya leo, unarudi kwenye ya jana. Usihifadhi mara tatu mfululizo kwa wasiwasi. Kila kuandika ni nafasi nyingine ya kukatwa.

Ukinunua kadi ya pili, nunua ya MB 8 ya Sony iliyoandikwa MagicGate, hata kama imetumika. Zile za MB 64 au 128 zisizo na jina huvutia, lakini nyingi hubana data kwa mbinu zao wenyewe au hujifanya kadi kadhaa ndani ya moja, na ndizo zinazoongoza kwa kupoteza faili zikikaribia kujaa. Kabla ya kulipa, ijaribu palepale: ifomati, nakili faili kubwa, zima mashine kabisa, washa, isome tena. Muuzaji asiyekubali jaribio la dakika tano anajua kitu usichokijua.

Nakala ya kadi hadi kadi bado iko ndani ya nyumba moja, chini ya radi moja. Nakala ya kweli iko nje ya PS2. Kwa kadi ileile ya FreeMcBoot, fungua uLaunchELF, chomeka flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, ingia FileBrowser. Kadi ya tundu la kwanza ni mc0, ya pili ni mc1, flashi ni mass. Simama juu ya folda ya gemu. Majina ya folda huanza na herufi kama BASLUS kwa diski za Marekani na BESLES kwa za Ulaya. Bonyeza R1 kufungua menyu, chagua Copy, rudi nyuma uingie mass, bonyeza R1 tena, na badala ya Paste ya kawaida chagua psuPaste. Utapata faili moja ndogo yenye mwisho wa .psu, unayoweza kujitumia kwa barua pepe. Usishangae flashi ikienda polepole: tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha 1.1. Na kabla hujamlipa mtu akuwekee FreeMcBoot, tazama namba ya modeli kwenye kibandiko cha mashine. Ikiwa ni SCPH-90000 na kuendelea, nyingi za mwisho zilifungwa mlango huo na kadi haitaamka. Mwulize fundi njia nyingine, na zipo.

Kwa Stardew nakala ni rahisi mno kiasi kwamba hakuna udhuru. Shikilia kitufe cha Windows pamoja na R, andika %AppData%, bonyeza Enter, fungua StardewValley, kisha Saves. Kila shamba lina folda yake yenye jina na tarakimu. Nakili folda nzima, usichukue faili moja. Ndani utaona faili yenye jina sawa na folda, na nyingine iitwayo SaveGameInfo, na kila moja ina pacha wake mwenye mwisho wa _old. Mapacha hao ni siku iliyotangulia. Shamba likikataa kufunguka baada ya stima kwenda, hamisha zile mbili mbovu mahali pengine, nakili mapacha, kisha futa _old kwenye majina ya nakala. Utakuwa umepoteza siku moja ya shamba. Kwa hiyo hakikisha pia laptopu yako inalala yenyewe betri ikifika asilimia 10 badala ya kuzimika ghafla. Laptopu kuukuu yenye betri iliyochoka huonyesha 30 kisha kufa, na hiyo ni sawa na kompyuta ya mezani, lazima uichukulie hivyo.

Kuhusu stima yenyewe. PS2 nyembamba, kuanzia SCPH-70000 hadi 79000, hutumia adapta ya nje ya volti 8.5, nene ya kwanza na ile ya 90000 zina pawa ndani. Zote hula umeme kidogo. Ukiweka UPS, kifaa kinachoendelea kutoa umeme stima ikikatika, ndogo ya 650 VA yenye betri ya volti 12 na Ah 7, hesabu ni hii: 12 mara 7 ni Wh 84, toa upotevu na uchakavu ubaki na kama Wh 50, PS2 pamoja na tivii ya LED ya inchi 32 hula takriban wati 80, unapata kama nusu saa. Huhitaji nusu saa. Unahitaji dakika tano za kumaliza kona ile na kuhifadhi. Betri hizo huchoka baada ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo kila miezi michache chomoa UPS ukutani ukiwa huna cha kupoteza uone inashikilia muda gani.

Kukatika kwa stima siyo kunakoua mashine. Ni kurudi kwake. Stima ikirudi huja kwa kishindo, friji na pampu za mtaa mzima zikiwaka pamoja. Ikiwa UPS haipo, kifaa cha kinga kinachosubiri kidogo kabla ya kuruhusu umeme upite ni bora kuliko kutokuwa na kitu, na ikiwa hata hicho hakipo, chomoa mara taa zinapozimika. Radi nayo haijali kinga yoyote ya dukani. Ukanda wetu wa ziwa hadi Kakamega na Kisii una radi nyingi sana. Ikianza kupiga karibu, chomoa umeme na chomoa waya wa antena ya tivii pia. Antena ndiyo njia wanayoisahau watu.

Hali ya hewa. Nakuru adui ni vumbi, Kisumu adui ni unyevu na wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata mwanga wa taa usiku na kufia ndani ya mashine kupitia matundu ya hewa. Usiiweke PS2 chini ya dirisha wala juu ya tivii. Usipoicheza, ifunike kwa kitambaa. Unapoicheza, kitoe, maana feni inahitaji hewa. Kadi na diski zikae kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Mashine ikianza kusumbua kusoma diski, fungua kifuniko ikiwa ni ile nyembamba: lenzi iko mbele yako, huhitaji bisibisi. Pangusa kwa kijiti cha pamba chenye isopropili kidogo, bila kukandamiza, kwa mduara mmoja. Diski za kusafishia zenye brashi ziepuke, nywele zake zaweza kunasa lenzi. Jaribu diski halisi ya rangi ya fedha kabla ya kulaumu lenzi. Zile zilizochomwa kwa kompyuta, za mgongo wa zambarau, huchakaa kwa joto na mwanga na humpa leza kazi ngumu hata zikiwa mpya. Fundi atakayetaka kwanza kuongeza nguvu ya leza kwa kuzungusha kile kiskrubu kidogo, mzuie. Itasoma vizuri kwa muda, kisha leza itakufa mapema. Kusafisha na kupaka grisi nyembamba kwenye reli huja kwanza.

Kununua mashine mpya? Sioni sababu, isipokuwa kama hiyo imekufa kabisa. Ulizonazo zina sifa ambayo gemu mpya nyingi hazina: haziulizi ruhusa kwa mtu yeyote. FarmVille ilikuwa faraja ya mamilioni tangu 2009, na tarehe 31 Desemba 2020 ile ya Facebook ilizimwa, na mashamba yote yakaenda. Hakuna nakala unayoweza kuweka kwenye flashi. Konami, watengenezaji wa PES, nao waliacha jina hilo mwaka 2021 wakaja na eFootball, inayotegemea mtandao na kubadilika msimu hadi msimu; ni gemu nzuri kwa anayetaka ushindani, lakini huwezi kurudi kwenye ile ya mwaka juzi. Kwa kazi unayoitaka wewe, gemu inayoweza kuzimwa na mtu mwingine sio gemu yako.

Ukitaka kitu cha mapumziko ya kazini, weka PPSSPP kwenye simu, programu inayoigiza PSP, mashine ya mkononi ya Sony. PES zilitoka kwenye PSP pia, hadi ya 2014. Programu hiyo ikifunguka mara ya kwanza itakuuliza mahali pa kuweka data: tengeneza folda yako mwenyewe kwenye kumbukumbu ya simu, usichague ile ya ndani ya programu, maana ukiifuta programu siku simu imejaa, sevu zako zinafutika nayo. Kwa simu ya kawaida acha ukubwa wa picha kwenye 1x, na mechi ikivutavuta ruhusu kuruka fremu moja. Halafu tofautisha hifadhi mbili: kuna ile ya haraka ya programu, inayogandisha kila kitu hapo hapo, na kuna ile ya gemu yenyewe, inayokaa kwenye PSP/SAVEDATA. Ya haraka ni nzuri mgonjwa akiita, lakini toleo jipya la programu linaweza kushindwa kuifungua. Ya gemu yenyewe hubebeka kutoka simu hadi simu. Kila wiki moja hakikisha umehifadhi kwa njia ya gemu.

PCSX2, inayoigiza PS2 kwenye kompyuta, inafaa ukiwa na laptopu yenye nguvu kuliko inayotosha Stardew. Kwenye dhaifu San Andreas itatembea kama iko ndani ya maji. Diski halisi ya DVD ya PS2 husomeka kwa kisomaji cha DVD cha kompyuta, unaweza kuifanya faili ya ISO ukapumzisha lenzi. BIOS, programu ya msingi ya PS2 ambayo PCSX2 inaihitaji, inapaswa kutolewa kwenye PS2 yako mwenyewe. Ya kuteremshwa mtandaoni ni ya wizi, na mara nyingi huja na uchafu mwingine ndani ya faili.

Sasa, ikiwa kadi itakataa kabisa na ikabidi uanze Master League upya, anza na wachezaji wa kawaida, Castolo, Minanda, Ximelez na wenzao, katika daraja la pili. Kosa linalomaliza wengi msimu wa kwanza ni kununua nyota mapema: mishahara yote hukatwa mwisho wa msimu, na pointi, ambazo ndizo pesa za gemu hiyo, zisipotosha gemu inakwisha hapo hapo, hakuna mkopo. Nunua chipukizi mmoja au wawili wa mshahara mdogo, beki wa kasi kabla ya mshambuliaji, na kabla ya mechi za mwisho fungua ukurasa wa fedha ulinganishe pointi na jumla ya mishahara. Pungufu ikiwepo, uza kipindi cha katikati ya msimu, usisubiri. Na kuanzia mechi ya kwanza, tundu la 1 leo, tundu la 2 kesho.